Makaburi ya Heilsbronn na Majina ya Bonde la Kilombero

Wakristo wa bonde la Kilombero hawana haja ya kufundishwa mtawa ni mtu gani. Mwaka 1902 Wabenediktini wa Sankt Ottilien, waliotoka Bavaria kusini mwa Ujerumani, walifungua misheni ya Kwiro katika milima ya Mahenge, na tangu hapo kengele ya watawa imekuwa sehemu ya maisha ya Ulanga. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mahali pao palichukuliwa na Wakapuchini kutoka Uswisi. Ni vigumu kumpata Mlutheri wa Ifakara ambaye hajawahi kumsindikiza mgonjwa wake, au yeye mwenyewe kulazwa, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Wale waliobahatika kufika Peramiho au Ndanda wameliona pia kanisa la abasia kwa macho yao, yaani kanisa la nyumba ya watawa inayoongozwa na abati, ambamo sala huimbwa kwa zamu kuanzia alfajiri hadi usiku.

Lakini abasia iliyo mikononi mwa Walutheri ni habari nyingine, na mtu akiitaja katika baraza la wazee wengi hutabasamu. Hata hivyo ipo. Wageni wanaotoka katika dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na kupokelewa Neuendettelsau, makao ya kazi ya misheni ya Kanisa la Bavaria, huwa kilometa chache tu kutoka mji mdogo wa Heilsbronn, na si mara chache wenyeji huwapeleka huko kutembea. Katikati ya mji limesimama kanisa la mawe ya mchanga lililoanza kujengwa katika karne ya 12. Kila Jumapili hufanyika humo ibada ya Kilutheri ya usharika wa kawaida, wenye ubatizo, kipaimara na mazishi kama usharika wowote wa Malinyi au Mlimba. Habari za kanisa hilo zimepewa nafasi katika kitabu hiki kwa sababu zinaligusa bonde la Kilombero kwa namna ambayo mgeni haitarajii anapovuka kizingiti chake.

Abasia ya Heilsbronn ilianzishwa mwaka 1132 na Askofu Otto wa Bamberg. Watawa wa kwanza walitoka Ebrach, nao walikuwa wa shirika la Wasistersiani, lililoanzia Cîteaux nchini Ufaransa mwaka 1098 kwa nia ya kuirudia kanuni ya Mtakatifu Benedikto bila anasa wala nyongeza. Ni ndugu wa Bernardo wa Clairvaux, ambaye Martin Luther, pamoja na ukali wake wote dhidi ya utawa, hakuacha kumheshimu kuwa mhubiri wa neema ya Kristo.

Wasistersiani walipenda kujenga mabondeni penye maji. Walichimba mifereji, wakakausha vinamasi, wakafuga samaki katika mabwawa, wakalima. Mtu aliyezaliwa kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, akayajua mashamba ya mpunga na mafuriko ya Machi na Aprili, huielewa kazi hiyo upesi kuliko mtalii wa mjini. Makanisa yao hayakuwa na minara mikubwa. Kengele ilitundikwa katika kijinara chembamba juu ya paa. Ndani, Heilsbronn bado huonyesha unyofu huo: safu mbili za nguzo nene za mviringo, kuta zisizo na mapambo, na dari bapa ya mbao. Sauti ya mtu mmoja aimbaye karibu na madhabahu hufika mlangoni bila kipaza sauti.

Ikumbukwe kwamba kanisa la namna hiyo halikujengwa kwa ajili ya watu wa kijiji. Upande wa mashariki, karibu na madhabahu, palikuwa pa watawa wenyewe, waliojua Kilatini na kuimba zaburi. Upande wa magharibi palikuwa pa mabradha, yaani watu wasiosoma, waliojifunga nadhiri wakapewa kazi ya mikono. Hao ndio waliolima, waliochonga mawe, waliochunga ng'ombe, waliotengeneza mabwawa. Walisali sala fupi walizozikariri, na kwa kawaida ukuta mfupi uliwatenga na wenzao wenye elimu. Nyumba ya Mungu ilikuwa moja, ila milango na nafasi hazikuwa sawa. Jambo hilo lafaa kushikwa, maana litarudi mbele.

Karne zilivyopita unyofu ulipungua. Kati ya mwaka 1263 na 1284 upande wa mashariki ulirefushwa kwa mtindo mpya wa madirisha marefu yenye ncha. Katika karne ya 15 upande wa kusini ulipanuliwa. Sababu kubwa ya mabadiliko haikuwa sala bali makaburi. Ukoo wa Hohenzollern, uliotawala Nuremberg na nchi za jirani, uliichagua Heilsbronn iwe mahali pa kuzika watu wake, na kwa zaidi ya miaka mia tatu, kuanzia mwaka 1297 hadi 1625, watawala na wake zao waliletwa hapo wakiwa katika majeneza. Leo mgeni akitembea katikati ya kanisa hana budi kuyazunguka. Lipo la Anna wa Saksonia, aliyefariki mwaka 1512, amechongwa amelala juu ya jiwe, mikono imekunjwa. Lipo la mtawala Georg Friedrich aliyefariki mwaka 1603. Lipo la Joachim Ernst, aliyefariki mwaka 1625, naye akawa wa mwisho. Watu walioapa kuishi kimaskini walijikuta walinzi wa makaburi ya matajiri, na ni vigumu kusema kwamba walilazimishwa: watawala walitoa mashamba, na mashamba yalikuwa na faida.

Hapa ndipo habari ya Heilsbronn inapoingia Ulanga.

Mwaka 1415 Friedrich, mtawala wa Nuremberg, alikabidhiwa nchi ya Brandenburg. Alifariki mwaka 1440 akazikwa Heilsbronn. Kizazi chake kilipanda hatua kwa hatua: kutoka Brandenburg wakawa wafalme wa Prussia mwaka 1701, na mwaka 1871 mmoja wao akatangazwa kuwa Kaisari wa Ujerumani yote. Wa mwisho katika kiti hicho, Wilhelm wa Pili, ndiye ambaye kwa jina lake boma la Mahenge lilijengwa, kodi ya nyumba ikakusanywa, na watu wakapelekwa kulima pamba kwa amri. Ni kwa jina lake bunduki za rashasha zilifyatuliwa kutoka katika boma hilo tarehe 30 Agosti 1905, Wapogoro na Wambunga walipolishambulia wakiamini kwamba maji yangewakinga. Vita vya Maji Maji viliwaua watu wengi kwa risasi, na njaa iliyofuata, baada ya majeshi kuteketeza mashamba na maghala, iliwaua wengi zaidi. Misheni ya Kwiro nayo haikupona, ingawa watawa wenyewe waliokoka kwa kukimbilia bomani. Kwa miaka mingi baadaye ilikuwa vigumu kumweleza mzee wa Kipogoro tofauti kati ya Mzungu wa boma na Mzungu wa kanisa. Na mtu mwaminifu lazima akiri kwamba mzee huyo alikuwa na sababu.

Basi Mkristo wa Kilombero anayesimama katika kanisa la Heilsbronn husimama juu ya mababu wa Kaisari. Mawe hayo ni baridi na yamechongwa vizuri sana, na hakuna maandishi yoyote juu yake yanayoitaja Mahenge. Mfuasi wa Kristo aweza kuwaombea wenyeji wake na kushukuru kwa chai waliyompa, na bado akaliona jambo hilo.

Lakini katika chumba hichohicho cha makaburi amelala mtu mwingine wa ukoo uleule, ambaye Walutheri wa dunia nzima wana deni kwake. Huyo ni Georg wa Brandenburg-Ansbach, aliyezaliwa mwaka 1484 na kufariki mwaka 1543, ambaye historia imemwita Georg Mchaji. Tarehe 25 Juni 1530, Ungamo la Augsburg liliposomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano, jina la Georg lilikuwa miongoni mwa majina ya watawala waliolitia sahihi, pamoja na Johann wa Saksonia, Philipp wa Hesse na wenzao, na miji ya Nuremberg na Reutlingen. Siku chache kabla ya hapo Kaisari alikuwa amewaamuru watawala wa Kiinjili wakomeshe mahubiri yao mjini na wafuatane naye katika maandamano ya sikukuu ya Mwili wa Bwana. Georg alijibu kwamba kuliko kulikana neno la Mungu alikuwa tayari kupiga magoti papo hapo akatwe kichwa. Inasimuliwa kwamba Kaisari alishtuka, akamjibu kwa maneno ya kumtuliza kuwa hakuna atakayekatwa kichwa.

Kila mwalimu wa kipaimara katika bonde hili hufundisha Ungamo la Augsburg. Wachache hufikiri kwamba mmoja wa waliolitetea kwa shingo yake alitoka katika ukoo uliokuja kulipa bonde boma na rashasha. Ungamo na boma vimetoka katika nyumba moja. Wapo wanaopenda kuikata historia hiyo vipande viwili, wabaki na kile kinachowapendeza. Wazungu wengine hufanya hivyo kwa aibu, na Waafrika wengine kwa hasira. Makaburi ya Heilsbronn hayakatiki. Yamelala pamoja, na njia ya kwenda madhabahuni hupita katikati yake.

Matengenezo ya Kanisa yaliingia Heilsbronn polepole, bila kuvunja milango. Johannes Schopper, aliyekuwa abati kuanzia mwaka 1529 hadi 1540, aliegemea upande wa Injili na kutia mkazo katika kuwasomesha vijana. Watawa hawakufukuzwa, walizeeka. Mwaka 1578 alifariki abati wa mwisho, na utawa wa miaka 446 ukazimika kama taa iliyokwisha mafuta. Jengo halikuachwa litupu. Mwaka 1581 Georg Friedrich aliyetajwa juu alianzisha humo shule ya wavulana, iliyodumu hadi mwaka 1736, na kanisa likawa la usharika. Mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo alikuwa Simon Marius, mnajimu, ambaye majina aliyoyapendekeza kwa miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii ndiyo yanayotumika hadi leo: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Nyumba ya sala ya watu waliokufa ilizaa elimu ya nyota. Si urithi mdogo.

Yaliyobaki yaweza kusemwa kwa kifupi. Katika Vita vya Miaka Thelathini askari walipora na kuharibu. Ua wa ndani uliozungukwa na baraza, ambamo watawa walitembea wakitafakari, ulibomolewa na haupo tena. Maktaba ilihamishiwa katika Chuo Kikuu cha Erlangen, ambako vitabu vya maandishi ya mkono vya Heilsbronn vinatunzwa. Katikati ya karne ya 19 wataalamu walilipamba kanisa kwa namna waliyodhani ndiyo ya kale, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wataalamu wengine wakayaondoa mapambo hayo ili nguzo zionekane tena. Tangu miaka ya 1970 Kanisa la Bavaria limekuwa na kituo cha kuwaandaa walimu wa somo la dini katika majengo ya abasia yaliyosalia.

Miongoni mwa vitabu vilivyotoka katika nyumba hiyo kimo kimoja cha karne ya 14, kilichoandikwa kwa Kijerumani cha watu wa kawaida, kinachoeleza majina sita ya mwili wa Bwana, yaani juu ya Sakramenti ya Meza ya Bwana. Mwandishi hakuacha jina. Wanachuoni humwita tu Mtawa wa Heilsbronn. Kitabu chake kilinakiliwa na kusomwa, na wataalamu wa maandishi ya kiroho wa Ujerumani humtaja hadi leo. Mawe ya kanisa lake yamejaa majina makubwa, lakini jina lake halimo hata kwenye tofali. Mabradha waliobeba mawe hayo hawakuacha hata kitabu.

Jubilei hii ya miaka mia moja inarudi nyuma hadi miaka ya 1920, nayo ni miaka isiyo ya kawaida katika historia ya Kilutheri ya nchi hii. Misheni ya Berlin ilikuwa imejenga vituo vyake katika nyanda za juu za Ubena, Kidugala mwaka 1898 na Lupembe mwaka 1899, na ni kutoka nyanda hizo Injili kwa desturi ya Kilutheri ilianza kuteremka kuelekea bonde la mito. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, wakafungwa kambini, na hatimaye wakarudishwa kwao. Waingereza hawakuwaruhusu kurejea hadi katikati ya miaka ya 1920. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walijitahidi kuzisimamia sharika za kusini, lakini Waskoti walikuwa wachache na umbali ulikuwa mkubwa. Huko Uzaramo kazi ilibaki mikononi mwa mwalimu Martin Nganisya. Kwingineko ilibaki mikononi mwa watu wa namna yake ambao majina yao hayakuingia katika taarifa za Berlin.

Hao walikuwa walimu wa Injili. Mshahara wao, pale ulipokuwepo, ulikuwa mdogo hata kwa kipimo cha siku zile. Walifundisha kusoma kwa kutumia kitabu kimoja kilichopokezanwa. Walivuka mito kwa mitumbwi ya Wandamba wakati wa masika, na ni wazi kwamba si wote waliofika ng'ambo. Makanisa waliyoyajenga yalikuwa ya miti na udongo yenye paa la nyasi, na baada ya misimu michache mchwa na mafuriko yalidai fungu lao. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamisha watu, makanisa mengine yaliachwa porini. Ndiyo maana usharika wa miaka mia katika bonde hili hauwezi kumwonyesha mgeni wa dayosisi jengo la miaka mia. Heilsbronn kuta zilisimama na watawa wakaisha. Kilombero kuta zilianguka mara nyingi, na waumini wakajenga nyingine.

Mtu asikimbilie kusema kwamba hali ya pili ni bora. Jengo linaloanguka huanguka na kumbukumbu zake. Vitabu vya ubatizo vililiwa na mchwa pamoja na sanduku lililovihifadhi. Orodha za wazee zililowa. Makaburi ya walimu yaliwekewa misalaba ya mti, na msalaba wa mti katika bonde la Kilombero haumalizi miaka kumi. Mabradha wa Heilsbronn walikosa majina kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuyaandika. Walimu wa Injili wa bonde wako katika hatari ya kuyapoteza kwa sababu hiyohiyo, ikiongezewa mvua.

Kila jubilei huja na jiwe la ukumbusho, na kila jiwe la ukumbusho huja na mashauri marefu katika baraza la wazee. Nani aandikwe? Askofu aliyelifungua, bila shaka. Mchungaji wa wakati huo. Marafiki wa ng'ambo waliotoa mabati. Mfanyabiashara aliyetoa saruji, naye huwa na ndugu wa kumsemea katika kikao. Jiwe hujaa kabla ya mtu yeyote kumkumbuka mwalimu aliyefundisha chini ya mwembe, au akina mama waliobeba maji ya kufyatulia matofali. Watawala wa Hohenzollern walipata nafasi katikati ya kanisa la watu maskini kwa njia hiyohiyo: hawakuiba, walichangia.

Maandiko yanayo desturi nyingine. Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia ni orodha ndefu ya wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu, kila mtu na kipande chake, wafua dhahabu pamoja na watengeneza manukato, na katika mstari wa 12 wametajwa binti za Shalumu waliojenga pamoja na baba yao. Wakuu wa Tekoa wametajwa pia, lakini kwa sababu walikataa kuinama kufanya kazi. Sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi nayo ni salamu tupu, jina baada ya jina, na hata Tertio aliyeshika kalamu amepata mstari wake. Wasomaji wa ibadani huziruka sura hizo kwa kuogopa matamshi.

Kitabu hiki cha jubilei kimeorodhesha wachungaji waliotumikia usharika, kama ilivyo haki yao. Orodha ya walimu wa Injili wa kila mtaa haijakamilika. Wanaoweza kuikamilisha ni wazee waliofundishwa na wanafunzi wa walimu hao, na wengi wao wanaishi katika mitaa ya mbali ambayo masika huifungia barabara. Kati ya Juni na Oktoba njia hupitika kwa baiskeli.